Panya Niliowaacha Nje ya Habari

Ukipita Kaloleni ukasikia mtu akiitwa Mama Panya, usiruke wala usitazame miguuni. Ni mimi. Jina langu la nyumbani ni Nekesa, na kwa karibu miaka ishirini nilikuwa Dada Nekesa wa kipindi cha sayansi na afya, kila saa saba mchana, katika redio ndogo iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mabati pale Buruburu. Lakini jina lililoshika ni hilo la panya. Vijana wanaoosha magari karibu na ukumbi wetu wa Kaloleni hunipigia kelele asubuhi: "Niaje, Mama Panya! Leo panya wanasemaje?"

"Wanasema muoshe na masikio," huwajibu.

Tunacheka, napita zangu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mlinijia nyumbani mkaniuliza namna ya kuripoti sayansi bila kukosea. Mlikuwa na madaftari mapya, mmenyoosha migongo, nikaona aibu kuwaambia ukweli papo hapo. Bila kukosea sijui. Ninachokijua vizuri ni kukosea, na njia ya kurudi ukishakosea. Hilo naweza kuwaandikia.

Nilianza kazi ya habari kabla sijajua kwamba ni kazi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alifariki nikiwa darasa la nane. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Tulibaki watoto watano katika vyumba viwili, na mimi ndiye kifungua mimba. Watu wa ukoo walikuja kutoka Bungoma, wakakaa uani kwenye viti vya kuazima kanisani, wakaanza kugawana wadogo zangu: huyu aende kwa shangazi, yule kwa amu, huyu mdogo atafutiwe mahali. Nikasimama nikasema hapana.

"Utawalisha nini?" amu akaniuliza.

"Nitajua."

Sikujua. Lakini nilikunja sare yangu ya shule nikaiweka chini ya godoro, nikaanza kufua nguo za watu Buruburu na kukaanga mandazi asubuhi. Wale wanne wakaendelea kusoma, kila mmoja, hadi mwisho.

Sasa, mtoto anaweza kukudanganya kwamba anasoma. Anakitazama kitabu saa nzima, macho yako kwenye ukurasa na akili iko uwanjani. Nami sikuwa na elimu ya kuwasahihishia hesabu zao za mbele. Kwa hivyo niliweka sheria. Kila jioni baada ya chakula, mimi nikiosha vyombo, kila mmoja ananieleza jambo moja alilofunzwa siku hiyo. Akimaliza, namrudishia kwa maneno yangu. Nikishindwa kurudisha, ina maana hakueleza. Na kama hakuweza kueleza, hakuelewa. Anarudi kitabuni. Tuliiita sheria hiyo Nirudishie.

Namkumbuka mdogo wangu Wekesa akiwa darasa la sita, amesimama kando ya karai.

"Dada, mmea unajipikia chakula chake kwa mwanga wa jua."

"Kwa hivyo sukuma wiki inakula jua?"

"Haili jua, Dada! Jua ni kama moto wa jiko."

"Sawa. Moto upo. Unga uko wapi?"

"Unga ni hewa. Na maji."

"Hewa ndiyo unga? Wekesa, usinichezee, leo nimechoka."

Akakimbilia kitabu chake, akarudi amekishika juu kama kombe. "Ni hewa, Dada! Imeandikwa hapa! Ni hewa kweli!" Wote wanne wakanicheka hadi povu likakauka mikononi. Baadaye nilikaa na maprofesa wenye ofisi za mazulia ambao hawakuweza kunieleza jambo wazi kama Wekesa na jiko lake.

Kulikuwa na mwalimu mwingine. Jirani yetu mlango wa tatu alikuwa Mzee Okumu, mtu wa reli kama baba, aliyestaafu mapema kwa sababu ya macho. Nilipoacha shule hakunipa pole. Alinipa gazeti. Kila siku alipata la jana kutoka kwa rafiki zake wa karakana, akaketi mlangoni mwake, akaniita nimsomee. Nikifika katikati ya habari na kutaka kuiacha, alinigonga kiatu kwa fimbo yake.

"Soma mpaka mkiani, binti."

"Mzee, huku mwisho hakuna kitu."

"Huku mwisho ndiko wanakoficha. Kichwa kinapiga kelele, mkia unasema kweli. Soma."

Na mara nyingi alikuwa sahihi. Kichwa kilisema ugonjwa umekwisha. Mkiani ukakuta kwamba mtaalamu mwingine anataka uchunguzi zaidi. Hiyo ndiyo shule yangu ya uandishi wa habari. Haikunipa cheti, bali alama za fimbo kwenye viatu.

Redioni niliingia kwa mlango wa ufagio. Nilikuwa nasafisha studio na kupika chai. Mhariri wetu aliitwa Mutiso, mwana wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu mpole mwenye tabia moja ya ajabu: akifikiri alichonga. Alikuwa na kisu kidogo na vipande vya mti mezani, na kila mkutano wa asubuhi ulipokwisha, chini ya kiti chake palikuwa na vumbi la mbao la kufagia. Vumbi hilo ndilo lililoniweka karibu.

Siku moja mwandishi wetu wa kiume, kijana mtanashati, alirudi kutoka kwa watabiri wa hali ya hewa akasoma alichoandika: "Wataalamu wamesema kuna uwezekano wa mvua kuzidi kiwango cha kawaida."

Nami nilikuwa nafagia. Maneno yakanitoka.

"Kawaida ya wapi? Ya Kitale au ya Mowlem, hapa mjini?"

Kijana akageuka. "Ya... ya nchi."

"Na huo uwezekano, ni mkubwa au ni mdogo? Mimi nina nguo za watu kwenye kamba."

Akafungua daftari. Akalifunga. Mutiso akaweka kisu chini.

"Dada Nekesa, ulisoma hadi wapi?"

"Kidato cha pili."

"Basi hebu mpe mtu mwingine huo ufagio."

Yule kijana, nimsifu, hakununa. Alipiga simu kuuliza maswali yangu yote mawili, akasema mtabiri alifurahi kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Ndivyo nilivyopewa kinasa sauti cha kaseti, kizito kama tofali, kilichokula kanda kila nilipokihitaji sana.

Msidhani nilianza vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilimhoji mtaalamu wa matetemeko ya ardhi. Nikamuuliza tetemeko kubwa litakuja lini. Akacheka, akasema, "Mama, ningejua, ningekuwa nimehama!" Nikaandika hivi, na nikasoma hivi hewani: mtaalamu asema atahama. Saa kumi jioni kulikuwa na magodoro yamewekwa nje Mowlem. Mutiso alinifunza siku hiyo kwamba mwanasayansi naye ni mtu, anatania, na utani wake ukiukausha ukauita habari, umetia watu hofu bure. Tangu hapo nilikuwa namuuliza kila mtaalamu mwishoni: "Katika haya uliyoniambia, lipi lilikuwa mzaha?" Wengi walishtuka. Mmoja aliniambia, "Yote niliyosema kuhusu bajeti yetu."

Lakini jina la Mama Panya halikutoka hapo. Subirini niwaeleze.

Lazima kwanza mjue jambo moja kuhusu wasikilizaji wa Eastlands, hii mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi. Ukitaja panya hewani, simu zinajaa. Hapo usitarajie swali la sayansi. Kila mtaa unataka ijulikane kwamba panya wake ndio wakubwa. Mtu wa Mowlem atapiga kusema wa kwao wanabeba viatu. Wa Kaloleni atasema wa kwetu ni wa tangu enzi za mkoloni, wana haki ya nyumba. Wa Buruburu atapiga kwa sauti ya upole kusema kwao hakuna panya, kuna wageni tu kutoka mitaa mingine. Halafu wote pamoja watawalaumu kanjo, watu wa baraza la jiji. Kipindi kimekwisha. Ilishatutokea mara mbili, na Mutiso alikuwa ameniomba, kwa mikono miwili, nisiwataje tena wanyama hao mchana.

Basi nikaenda mkutano wa wanahabari katika hoteli moja ya mjini. Mtafiti, Daktari Muthoni, alikuwa mwanamke mwembamba aliyesema haraka kwa Kiingereza, mgongo kwetu, akiusomea ukuta michoro yake. Alikuwa akichunguza majani fulani na ugonjwa wa sukari. Jina la majani hayo sitalitaja hata leo, nimejifunza. Nilichoelewa ni kwamba panya wa maabara waliopewa majani hayo sukari yao ilishuka. Alisema pia mambo mengi mkiani, wakati wenzetu walikuwa wameshasimama kwenda kuchukua sambusa. Nami nilisimama.

Nilikuwa na dakika moja na nusu ya hewani. Niliandika habari, na panya walikuwemo. Nikaisoma kwa sauti. Nikaanza kusikia simu akilini: viatu vya Mowlem, wageni wa Buruburu. Nikachukua kalamu nikawakata panya. Sikuandika uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililonipa usingizi usiku huo. "Majani yashusha sukari mwilini, watafiti wabaini." Mwili wa nani, sikusema. Msikilizaji alijijazia mwenyewe, na bila shaka alijijazia mwili wake.

Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa hapo. Mhariri hakukata, muda haukunibana. Kalamu ilikuwa yangu.

Wiki ilipita. Simu zilikuwa nzuri, watu wanashukuru. Kisha asubuhi moja mdogo wangu Nanjala, aliyekuwa muuguzi katika zahanati moja, akanipigia. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini.

"Dada, njoo. Mzee Okumu ameletwa."

Mzee wangu wa gazeti alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi, na alijichoma sindano zake bila kukosa, kwa saa, kama treni. Nilimkuta amelala, midomo imekauka, maji yakidondoka mshipani. Kando ya mto kulikuwa na redio yake ndogo na chupa ya maji ya kijani.

"Mzee, umefanya nini?"

Akatabasamu kwa shida. "Binti. Nimefanya ulivyosema."

Alikuwa ameacha sindano siku ile ile ya kipindi changu. Nanjala alisimama upande wa pili wa kitanda, sindano imeandaliwa kwenye sinia. Daktari alikuwa amesema ni lazima achomwe, wala si jambo la kungojea kesho. Mzee alikuwa amekataa mara tatu.

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote: panya, kalamu, simu za Mowlem. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mtoto akikiri kuvunja kikombe.

"Nimekusikia, Nekesa. Lakini wewe hapa ni Nekesa wa jirani, una huruma, umeogopa kuniona hivi. Yule wa redio ana mhariri. Ana wataalamu. Siwezi kumbishia yule kwa ajili yako."

"Mzee, yule ni mimi!"

"Basi yule akiniambia, nitasikia."

Nanjala akanitazama. Akaitazama saa ya ukutani. Nilimlea mimi, nilielewa: muda unakwisha.

Nilifika Buruburu nikihema. Mutiso alikuwa mezani na kisu chake. Nikamweleza. Aliumia, yeye pia alimpenda mzee. Lakini alikuwa mhariri.

"Dada Nekesa, redio ikijikana hewani, kesho nani ataiamini? Tuweke sentensi moja ya masahihisho kesho alfajiri, baada ya matangazo ya vifo. Ndivyo wanavyofanya wakubwa."

"Kesho alfajiri hatakuwa anasikiliza."

Akachukua kipande kingine cha mti.

"Nilikosea saa saba," nikasema, "dakika moja na nusu, kwa sauti yangu. Nitarekebisha leo saa saba, dakika moja na nusu, kwa sauti yangu."

"Na nikikataa?"

"Ufagio najua ulipo."

Alichonga. Vumbi likaanguka. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa, "Simu za panya utazipokea mwenyewe. Zote."

Nikampigia Daktari Muthoni. Nilitarajia kutukanwa. Badala yake akasema, "Nilisikia habari yako. Dereva wangu ndiye aliyeniwekea. Niliona uchungu sana, lakini nikasema ndiyo desturi yenu, nisijisumbue."

"Ungenipigia."

"Nawe ungeniuliza," akajibu, na sote wawili tukajua tumetoka sare. Nikamwomba aje hewani kwa simu, azungumze Kiswahili. Akasema hajawahi kuieleza kazi yake kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Nieleze kama ninaosha vyombo na wewe uko darasa la sita." Hakuelewa nilichokuwa nasema, lakini alicheka, akakubali.

Saa saba ikafika. Maneno yangu nayakumbuka kwa sababu niliyaandika kwa herufi kubwa.

"Wiki iliyopita, saa kama hii, niliwaambia majani fulani yanashusha sukari mwilini. Sikuwaambia mwili wa nani. Ni mwili wa panya. Panya wa maabara, ndani ya kizimba. Hakuna mtu hata mmoja aliyepewa majani hayo. Niliwakata panya kwenye habari mimi mwenyewe, kwa sababu niliogopa simu zenu. Kama uliacha dawa yako kwa ajili ya maneno yangu, nenda kliniki leo, usingoje kesho. Na kuna mzee mmoja ananisikiliza akiwa kitandani. Alinifunza kusoma habari mpaka mkiani. Mzee, nilikusomea kichwa peke yake. Mkia ndio huu: kubali sindano."

Daktari Muthoni akaingia. Alianza kwa kujikwaa. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza hotelini: "Daktari, ni kitu gani ambacho bado hujui?" Mama huyu akafunguka kama bomba. Hakujua kama majani yangemfaa mtu. Hakujua kama yangemdhuru. Hakujua kipimo. Alisema "bado hatujui" mara nyingi kuliko nilivyowahi kusikia kwenye redio yoyote, na kila alipolisema sauti yake ilizidi kuwa na raha.

Halafu simu zikaanza.

"Haloo, uko hewani."

"Dada, hapa ni Mowlem. Mwambie daktari aje achukue wa kwetu. Wamekula sabuni, wamekula kandambili, na afya yao ni safi kabisa."

"Haloo, uko hewani."

"Mimi napiga kutoka Buruburu. Nataka kurekebisha jambo. Hao panya wa maabara wasije wakaachiliwa huku."

Daktari Muthoni alicheka hadi akakohoa. Kanjo walilaumiwa, kama kawaida. Mutiso, nyuma ya kioo, alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. Nami nilipokea simu moja baada ya nyingine huku macho yangu yako kwenye saa, nikiwaza mkono mmoja mwembamba juu ya shuka.

"Haloo, uko hewani."

"Dada." Alikuwa Nanjala. Hakutaja jina la mgonjwa, nilimlea vizuri. "Nina msikilizaji hapa wodini. Amenyoosha mkono mwenyewe. Amesema, redio imesema. Tumeshamchoma."

Mtangazaji kunyamaza hewani ni dhambi kubwa, na nilinyamaza.

Nanjala akaendelea, "Ila ana swali. Anauliza, hao panya walipona kabisa?"

Nikapata sauti. "Daktari?"

"Mwambie bado hatujui," akasema Daktari Muthoni.

Mutiso akaweka wimbo, akaingia studio, akanipa leso yake iliyojaa vumbi la mbao. Nililia na kupiga chafya kwa pamoja.

Wasikilizaji hawakutukimbia. Mutiso alikuwa ameogopa bure, na mimi pia. Watu walianza kutupigia kusema, "Niambieni nyinyi, kwa sababu nyinyi mkikosea mnasema." Jina la Mama Panya nililipata jioni ile ile, kabla sijafika nyumbani.

Mzee Okumu alitoka zahanati baada ya siku chache, nami nikaenda kumpa kazi. Nikamwambia, "Kuanzia leo hakuna habari yangu itakayotoka kabla hujaisikia." Kila asubuhi nilipita mlangoni mwake na karatasi. Namsomea mara moja. Kisha nasema, "Nirudishie." Akinirudishia kitu ambacho sikuandika, kosa ni langu, naandika upya.

Safari moja nilimsomea habari kwamba hatari ya ugonjwa fulani imeongezeka mara mbili. Nikasema, nirudishie.

"Umesema nusu ya Kaloleni tumekwisha."

"Sikusema hivyo, Mzee!"

"Umesema mara mbili. Mara mbili ni nyingi."

Nikakaa chini nikafikiri. Mara mbili ya nini? Ukiwa na andazi moja ukapata la pili, umepata mara mbili, na bado una njaa. Nikampigia mtafiti, nikakuta ugonjwa wenyewe ni wa nadra sana, na hata ukiongezeka mara mbili bado ni wa nadra. Habari ikabadilika kabisa. Kosa hilo lililopita macho ya watu wote ofisini lilizuiwa na mzee wa reli asiyeona vizuri, akiwa bado hajanywa chai.

Zamani hizo taarifa zilitujia kwa karatasi, mtu akazileta kwa mguu. Ukikosea, kosa nalo lilitembea kwa mguu. Sasa mna simu. Ujumbe unaingia umeandikwa juu yake "umetumwa mara nyingi", na wewe unafikiri kutumwa mara nyingi ndiko kuthibitishwa. Mna hata mitambo inayowafupishia ripoti ya kurasa hamsini kwa kufumba na kufumbua. Sina ugomvi nayo. Lakini mtambo hukata kama nilivyokata mimi: unaacha kichwa, unatupa mkia. Kabla hujasoma hewani, rudi uwatafute panya. Karibu kila habari ya sayansi ina panya wake mahali fulani, na mara nyingi ndio wa kwanza kukatwa.

Na usione haya kutojua. Wenzangu waliosoma sana waliogopa kumuuliza profesa swali la kitoto. Mimi sikuwa na heshima ya kupoteza. Nilikuwa mtu wa kidato cha pili, kwa hivyo niliuliza, na maprofesa wengi walinipenda kwa sababu hiyo.

Siku niliyostaafu Mutiso, mwenye mvi sasa, alinipa zawadi iliyofungwa kwa gazeti. Ni panya wa mti, mkia wake mrefu kuliko mwili. Yuko hapa mezani ninapoandika.

Wiki iliyopita nilipomaliza karatasi hizi nilizipeleka mlango wa tatu. Mzee Okumu ni mzee sana siku hizi, macho yamekwisha kabisa, lakini sindano zake bado zinakwenda kwa saa na fimbo bado anayo. Nikamsomea yote, polepole, yeye akitikisa kichwa. Nikamwambia, "Nirudishie."

Akakohoa. "Umesema mimi ni mkaidi."

"Nimesema."

"Umesema Mutiso alikuogopa."

"Sikusema aliniogopa. Nimesema aliniambia nipokee simu mwenyewe."

"Hmm. Na umesema panya walipona."

Nikainuka kitini. "Mzee! Hakuna mahali nimesema walipona! Nimesema bado hatujui. Nikusomee tena?"

Fimbo ikanigonga kiatu, taratibu.

"Keti, binti," akasema, akicheka kifuani. "Nilikuwa nataka kuona kama bado unaangalia mkia."